Mpira Mdogo, Hasara Kubwa: Kubadilisha Buti ya Ekseli Nyumbani



Mmezoea kusoma habari zetu za mbuzi wa maziwa, akiba za vikundi na maji safi. Leo tunawaandikia habari za gari. Msishangae. Siku hizi kuna vikundi kadhaa kutoka Nakuru, Njoro, Molo hadi Subukia ambavyo vina gari moja tu, na gari hilo hilo ndilo hubeba maziwa asubuhi, mbegu mchana na mgonjwa usiku. Likilala, mambo mengi yanalala nalo. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sisi tulifunzwa na ulimwengu, na tungependa ninyi mfunzwe kwa karatasi hii.

Gari letu la kazi ni Toyota Probox. Lilianza kutoa sauti ya tak-tak-tak kila tulipokata kona kali. Dereva alisema, sisi tukasema "tutaliangalia mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi ukafika na mambo yake mengine. Basi usiku mmoja wa kiangazi tuliombwa tumpeleke hospitali mama mja mzito kutoka upande wa Subukia. Tulipokuwa tunapandisha mlima kuelekea Bahati, tulisikia mlio mmoja mkubwa chini ya gari. Injini ilinguruma, gia iliingia, lakini gari halikusonga hata hatua moja.

Mama mkwe wa yule mgonjwa akatuuliza, "Wanangu, kwani gari limekataa?" Hatukuwa na jibu. Kwa bahati lori la viazi lilipita, dereva wake akawachukua wote wawili mbele. Mtoto alizaliwa salama kabla jua halijachomoza. Sisi tulibaki barabarani mpaka asubuhi, na aibu yetu.

Tulipovutwa hadi kwa fundi mmoja wa jua kali mjini, mzee wa watu aliinama mara moja tu, akainuka, akasema: "Mwalimu, hapa mmeua siivii kwa sababu ya mpira." Mpira wenyewe ulikuwa umepasuka zamani. Bei ya kiungo kipya ingetosha kununua mipira sita na chenji ikabaki. Ndipo tulipomwomba atufundishe, naye hakukataa. Haya tunayoandika ni yale tuliyoyafanya baadaye kwa mikono yetu, upande wa pili wa gari, na yakafaulu.

SIIVII NI KITU GANI?

Magari ya zamani kama zile Peugeot 504 za abiria, ambazo wengi wetu tulizipanda, yalisukumwa na magurudumu ya nyuma. Ya mbele yalikuwa na kazi ya kukata kona tu. Lakini magari madogo mengi ya leo huvutwa na magurudumu ya mbele. Gurudumu hilo moja linazungushwa na injini, linageuzwa na usukani, na tena linaruka juu na chini kwenye mashimo. Chuma kilichonyooka hakiwezi kufanya kazi zote tatu. Lazima kiwe na kiungo, kama vile mguu wa mtu ulivyo na goti.

Viungo vya kwanza vya aina ya msalaba vilikuwa na kasoro. Vikipinda sana, upande mmoja huzunguka kwa kasi isiyo sawa na upande wa pili, na usukani unatetemeka. Katika miaka ya 1920, mhandisi wa Marekani aliyeitwa Alfred Rzeppa alibuni kiungo chenye golori sita zinazotembea ndani ya mifereji, na kwa njia hiyo mwendo unabaki sawa hata kiungo kikipinda zaidi ya nyuzi 40. Gari dogo la Mini lililotoka Uingereza mwaka 1959 lilikieneza sana. Ndicho mafundi wetu wanachokiita siivii, maana yake ni kiungo cha mwendo usiobadilika.

Kiungo hiki hakina mahali pa kutilia mafuta kila mwezi. Grisi aliyotiwa kiwandani ndiyo maisha yake yote, na kinachoishika grisi hiyo ni mpira wenye mikunjo kama ya kodiani. Huo ndio buti. Kila upande wa gari una buti mbili, ya nje karibu na gurudumu na ya ndani karibu na giaboksi. Ya nje ndiyo hupinda zaidi, kwa hiyo ndiyo hupasuka kwanza.

Sasa fikiria buti ikipasuka. Ukienda kilomita 60 kwa saa, gurudumu dogo kama la Probox huzunguka zaidi ya mara 500 kila dakika. Grisi hurushwa nje kama maji kutoka kwa mbwa aliyelowa. Nafasi yake inachukuliwa na vumbi letu. Na vumbi letu si la mchezo! Udongo wa kando kando ya Menengai umetokana na majivu ya volkano, na ndani yake mna punje ndogo ngumu kama za kioo. Vumbi hilo likichanganyika na mabaki ya grisi linakuwa kama msasa, linasaga golori na mifereji yake usiku na mchana. Mwisho ndio ile tak-tak-tak, na mwisho wa mwisho ni mlimani usiku. Kiungo cha upande mmoja kikivunjika, nguvu yote ya injini inakimbilia upande uliovunjika na kupotea bure. Ndiyo sababu gari letu lilinguruma bila kusonga.

KAGUA KWANZA

Ukaguzi hauhitaji hela. Zima gari, vuta breki ya mkono, kata usukani hadi mwisho upande mmoja, chuchumaa nyuma ya gurudumu la mbele uangalie ndani. Fungua mikunjo ya mpira kwa vidole. Ukiona nyufa ndogo, buti imezeeka. Ukiona grisi nyeusi imerushwa kwenye rimu na vyuma vya jirani, imeshapasuka. Rudia upande wa pili. Fanya hivyo kila mwezi, na kila mara baada ya safari ya mawe.

Kisha endesha pole pole uwanjani ukiwa umekata usukani hadi mwisho, mduara mmoja kulia na mmoja kushoto. Kama hakuna sauti, una bahati: badilisha buti na grisi wiki hiyo hiyo. Kama sauti imeshaanza, usijidanganye. Buti mpya haiwezi kuponya chuma kilichokwisha kulika. Hapo nenda kwa fundi ubadilishe kiungo.

Wako watu wanaoshona buti kwa uzi, wengine wanaifunga na vipande vya tyubu, wengine wanatia gundi. Sisi tulijaribu tyubu. Ilikaa siku tatu. Mpira huu hupinda na kunyooka kila gurudumu linapozunguka kwenye kona, na kiraka hakivumilii. Ni njia ya kukufikisha nyumbani tu.

VIFAA

Nunua buti ya kunyooka, yaani ile ya mpira laini inayoweza kupanuliwa na kupitishwa juu ya kiungo bila kukifungua. Hii ndiyo inayomfaa mtu wa nyumbani. Buti ya kawaida, ile ngumu, inadumu zaidi, lakini huitaji kiungo kitolewe kwenye shafti, na kwa Toyota nyingi kiungo cha nje hakitoki, inabidi ufungue cha ndani. Hiyo ni kazi ya fundi. Hakikisha pakiti ina grisi nyeusi ya siivii na klipu mbili. Usitumie grisi ya kahawia ya beringi, na mafuta ya kupikia usiyafikirie kabisa.

Vifaa vingine tulivyotumia ni hivi: jeki, spana za kawaida, soketi ya 30 kwa nati kubwa ya katikati ya gurudumu (ndiyo saizi ya Toyota ndogo nyingi), bomba la chuma la kurefusha mpini wa spana, nyundo, kipande cha mti mgumu, mtarimbo, plaizi, waya laini wa kufungia nondo za ujenzi, mafuta ya taa, matambara safi, na chupa mbili tupu za soda za lita 2. Chupa hizo mtaona kazi yake.

USIFE CHINI YA GARI

Tunaomba msome sehemu hii mara mbili. Chagua mahali tambarare na pagumu. Kama ni udongo, tia ubao mpana chini ya jeki. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Jeki ni ya kuinulia tu, si ya kushikilia. Gari likishainuka, weka gogo pana la mti mgumu chini ya mahali pa chuma imara, na ulilaze lile gurudumu ulilotoa chini ya ubavu wa gari. Usitumie yale mawe ya kujengea yanayochimbwa huku kwetu. Ni laini, yanapasuka bila taarifa. Matofali ya saruji yenye matundu ni vivyo hivyo. Na usifanye peke yako. Kuwe na mtu wa kuita wengine.

HATUA KWA HATUA

Kwanza, gari likiwa bado chini, toa kifuniko cha katikati ya gurudumu na ile pini ndogo inayozuia nati kubwa isijifungue. Mwenzako akanyage breki kwa nguvu, wewe ulegeze nati hiyo kwa soketi na bomba. Legeza kidogo nati za gurudumu pia. Ukingoja mpaka gari liinuke ndipo uanze kusukuma bomba, unaweza kuliangusha.

Pili, inua, weka gogo, toa gurudumu. Angalia chini: kuna mkono wa chuma ulioshikana na kile chuma kikubwa kinachobeba gurudumu, kupitia boljointi. Kwa Toyota ndogo nyingi boljointi imeshikwa kwenye mkono kwa bolti moja na nati mbili. Fungua hizo. Pitisha mtarimbo, bonyeza mkono uende chini, boljointi itoke. Angalia bomba la breki lisivutike. Gari likiwa na waya wa breki za kisasa karibu na gurudumu, ufungue kwenye kishikilio chake kwanza.

Tatu, rudisha nati kubwa mpaka iwe sawa na ncha ya shafti, weka kipande cha mti, ugonge. Nati inalinda nyuzi za shafti zisiharibike. Shafti ikilegea, toa nati, sukuma kile chuma kikubwa nje, shafti itachomoka kutoka upande wa gurudumu. Hapa ndipo wengi hukosea: usivute shafti kuelekea kwako. Ukivuta, kiungo cha ndani kinaweza kuachana, au mwisho wake utoke kwenye giaboksi na mafuta yamwagike. Ifunge kwa waya ikae imelala sawa, isining'inie.

Nne, kata buti kuukuu na klipu zake uzitupe. Toa grisi yote ya zamani kwa matambara na vidole. Isugue kati ya vidole viwili. Ukisikia mchanga, osha kiungo kwa mafuta ya taa, ukikipinda huku na huku mpaka golori zing'ae. Usitumie petroli, inashika moto haraka. Angalia kila golori na mfereji wake. Ukiona mashimo au chuma kimemenyeka, simama hapo, kiungo kimekwisha. Kama ni safi, kiache kikauke kabisa, maana mafuta ya taa yakibaki yataifanya grisi mpya kuwa nyepesi.

Tano, sasa chupa. Kata sehemu ya juu ya chupa, kutoka mabega hadi shingo, kisha ukate shingo kidogo ili ncha ya shafti ipite. Utapata kitu kama faneli. Moja ni nyepesi mno, ilikunjamana tulipojaribu, kwa hiyo tulivisha moja ndani ya nyingine. Usitumie bati, kingo zake zitakata mpira. Vika faneli hiyo juu ya kiungo, upande mpana ukifunika sehemu nene. Paka grisi nyembamba kwa nje. Sasa telezesha buti, mdomo mdogo ukitangulia, juu ya faneli mpaka ipite kiungo na kushuka kwenye shafti. Ni kazi ya watu wawili na inahitaji nguvu bila hasira. Usivute kwa bisibisi wala kucha ndefu. Ikipita, toa faneli.

Sita, jaza grisi. Nusu ya pakiti isukume ndani kati ya golori kwa kidole, nusu iache ndani ya buti. Kalisha mdomo mdogo kwenye mfereji wake wa shafti na mdomo mkubwa kwenye mfereji wa kiungo. Funga klipu kubwa. Kabla ya kufunga ndogo, ingiza bisibisi butu nyembamba chini ya mdomo kwa sekunde moja, hewa iliyobanwa itoke, buti isije ikafura kama mkate. Kama klipu zimekosekana, zungusha ule waya wa nondo mara mbili, uusokote kwa plaizi mpaka ubane bila kukata mpira, kisha ulaze ncha yake. Ncha ikisimama itagonga vyuma vingine na kutoboa.

Saba, rudisha vyote kwa mpangilio ulivyovitoa: shafti, boljointi na bolti zake, gurudumu. Zungusha nati kubwa mpaka ishike vizuri, kisha teremsha gari. Usilisukume wala kuliendesha nati hiyo ikiwa bado haijakazwa kabisa, maana beringi itaharibika.

KUKAZA BILA KIFAA CHA KUPIMA

Gereji kubwa zina spana ya kupima nguvu. Sisi hatuna, lakini tuna kilo zetu. Kwa Toyota ndogo nyingi nati hiyo hutaka nguvu ya zaidi kidogo ya nyutoni-mita 200. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya bomba, sentimita 30 kutoka katikati ya nati, anatoa karibu nguvu hiyo. Pima kwa rula, utie alama kwa chaki. Bomba liwe limelala sawa na ardhi, mwenzako akanyage breki, mtu apande pole pole bila kuruka, ajishikilie kidogo tu asianguke. Kama una kitabu cha gari lako, kifuate hicho. Kisha rudisha pini, ikiwezekana mpya. Tundu lisipolingana, kaza zaidi kidogo, usilegeze. Magari mengine hayana pini, bali ukingo wa nati hugongwa uingie kwenye mfereji wa shafti. Nati ya namna hiyo hutumika mara moja tu, nunua nyingine.

Endesha pole pole, zunguka mduara kulia na kushoto, rudi uangalie. Kesho yake angalia tena kama kuna grisi nje, na ukaze tena nati za gurudumu.

UCHAFU USITUPWE MTARONI

Mafuta ya taa machafu na grisi kuukuu viweke kwenye mkebe wenye kifuniko, umpelekee fundi au kituo kinachokusanya mafuta machafu. Maji ya mvua ya mji wetu yanateremkia Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto wa kutokea. Kinachoingia hakitoki. Mwaka 1990 liliandikwa kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, la kwanza katika Kenya, na si vizuri tulilipe kwa grisi.

MAHALI PA KUSIMAMA

Hatuandiki haya ili mafundi wakose kazi. Yule mzee alipotufundisha alituambia, "Mtu akijua gari lake, huja kwangu mapema, na mimi humsaidia kwa bei ndogo. Asiyejua huja amevutwa." Kwa hiyo, bolti zikikataa kabisa, boljointi ikicheza, golori zikiwa na mashimo, au ukijikuta huelewi chuma kilicho mbele yako, funga kazi umwite fundi. Hiyo si aibu. Aibu ni kusikia tak-tak-tak na kusema mwisho wa mwezi.

Kila kikundi chenye gari tunakishauri kichague mtu mmoja wa kulikagua kila mwezi na kuandika kwenye daftari alichoona, na mweka hazina atenge hela ya buti kabla haijapasuka. Sisi tumeshafanya hivyo. Yule mtoto wa lori la viazi sasa anatambaa, na mama yake akituona hucheka, anatuuliza, "Gari limekubali?"

Limekubali. Lako je? Likague leo jioni kabla giza halijaingia. Kazi kwenu.